Fundo Lake Li Wapi?

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi katika mkutano wa skuli, Wete, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa kamati ya skuli, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliokaa hapa mbele na madaftari magotini: ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie kazi za nyumbani za Hesabu, na nimeombwa pia nimalize kabla ya adhana ya Magharibi. Chaki ninayo. Nitakuwa naandika ubaoni, nanyi wanafunzi naomba mwandike pamoja nami, kwa sababu Hesabu haiingii kwa masikio peke yake.

Wakati naingia langoni mama mmoja alinisimamisha. Akaniambia, "Mwalimu, mie niliishia darasa la nne. Mwanangu sasa yuko Kidato cha Kwanza, usiku ananiletea x na y. Mie nitamsaidia nini?" Mama, nakuona umekaa pale dirishani. Yote nitakayosema jioni hii yanakuhusu wewe kwanza, pamoja na wengine waliokuja na suali hilo hilo moyoni wakaona haya kuliuliza.

Mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakukaa darasani hata siku moja. Alikuwa mchumaji wa karafuu. Watu wa Pemba hamna haja ya kuelezwa: mchumaji hulipwa kwa pishi, na hesabu hufanywa jioni, watu wamechoka, giza linaingia, kila mtu anataka kwenda kwake. Mama alikuwa na ujani mmoja wa ukindu anaufunga kiunoni. Kila pishi yake ikipimwa, anapiga fundo. Msimu mmoja, baada ya siku tatu za kuchuma, msimamizi alimsomea pishi 11. Mama akafungua ukindu wake: mafundo 13. Hakupandisha sauti. Akasema, "Haya, twende moja moja. Hili la kwanza ni la asubuhi ya juzi, mkarafuu wa kisimani. Hili la pili ni la mkarafuu ule ule, jua limepanda." Akamchukua fundo kwa fundo. Walipofika la saba na la nane, yule bwana akakumbuka kwamba mchana wa siku ya pili hakuwapo. Alimwachia kijana wake apime, na kijana hakuandika. Mama akalipwa pishi 13.

Nilikuwa mtoto nimesimama ubavuni mwake. Msimamizi alikuja na jibu tupu. Mama alikuja na jibu pamoja na njia aliyoipita mpaka kulifikia, na ile njia ndiyo iliyosema.

Usiku tulikuwa tunakaa kuchambua, makonyo, vile vijiti vya karafuu, huku, karafuu huku, na mimi daftari langu la Hesabu karibu na kandili. Nikisema nimemaliza, mama hakuuliza jibu ni ngapi. Jibu asingeweza kujua kama ni sahihi. Alikuwa akiuliza, "Fundo lake li wapi?" Basi ilinilazimu nimsomee: hapa nilikuwa na hivi, nikafanya hivi, nikapata hivi. Mara nyingi nilipofika katikati ya kusoma nikanyamaza mwenyewe, kwa sababu kosa nilikuwa nimeliona. Yeye anaendelea kuchambua. Ananingoja nifute niandike tena.

Mama uliyekaa dirishani, huo ndio msaada. Hauhitaji uijue x.

Sasa tuingie kwenye hesabu zenyewe, maana sitaki mtoke hapa na hadithi tu. Nitapita kwenye mafundo yale ambayo watoto wetu huyaruka, na nitaanza na ya chini kabisa.

Wanafunzi wote mnaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nzuri. Lakini ina mtego, na mtego uko kwenye herufi za mwisho. Andikeni:

20 − 8 + 3 × (6 − 4)

Mabano kwanza: 6 − 4 ni 2. Tunaandika mstari mzima upya: 20 − 8 + 3 × 2. Hapana kugawanya, tunazidisha: 3 × 2 ni 6. Mstari mpya: 20 − 8 + 6. Hapa ndipo daftari hugawanyika mapande mawili. Mmoja anasema, "JU inatangulia TO, kwa hiyo najumlisha 8 na 6, napata 14, kisha 20 toa 14, jibu 6." Mwengine anakwenda kutoka kushoto: 20 toa 8 ni 12, jumlisha 6 ni 18.

Kweli ni 18. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, hakuna mkubwa. Anayetangulia ni aliye kushoto. Fikirini una shilingi elfu 20. Ukanunua samaki wa elfu 8. Halafu mtu akakulipa deni lako la elfu 6. Unabaki na elfu 18. Yule aliyepata 6 amefanya kana kwamba zile elfu 6 ulizolipwa nazo ulizitoa. Alama iliyo mbele ya namba ni mali ya namba ile. Toa ni ya 8, jumlisha ni ya 6, na kila namba hutembea na alama yake. Kugawanya na kuzidisha nako ni ndugu wa daraja moja, wanakwenda kutoka kushoto vilevile, ila kule kifupisho hakitupotezi. Kinatupoteza hapa mwisho.

Mmeona jinsi nilivyoandika mstari mzima upya kila mara? Wanafunzi huona uvivu. Wanaandika 2 pembeni, 6 juu, wanakata, wanazungushia duara, mwisho hawajui kipi kimebaki. Mstari mmoja, kazi moja. Daftari likijaa, mzazi atanunua jengine, na naomba wazazi msilalamike juu ya hilo. Karatasi ni rahisi kuliko kurudia darasa.

La pili ni la saa. Boti inaondoka Mkoani saa 1:45 asubuhi, inafunga gati Unguja saa 4:20. Safari imechukua muda gani? Mtoto anaandika 4.20 juu, 1.45 chini, anatoa, anapata 2.75. Anaandika "saa 2 na dakika 75" na anafunga daftari. Dakika 75! Saa ya ukutani iko mbele yake na haina dakika ya 75.

Amekosa wapi? Kutoa kwenyewe hakukosea. Amekosa kwenye kuazima. Dakika 20 hazitoshi kutoa 45, kwa hiyo tunaazima saa moja kutoka kwenye zile 4. Saa zinabaki 3. Ile saa moja tuliyoazima, tukiivunja, inatoa dakika 60, wala si 100. Dakika 60 na 20 ni 80. Sasa tunaandika saa 3 na dakika 80, toa saa 1 na dakika 45: dakika 35, saa 2. Safari ni saa 2 na dakika 35.

Bibi zetu walilijua hili bila ya ubao. Pishi moja ni vibaba 4. Ukiwa na pishi 5 na kibaba 1 cha mchele, ukatoa pishi 2 na vibaba 3, unavunja pishi moja, vibaba vinakuwa 5, unatoa 3 vinabaki 2, na pishi 4 toa 2 zinabaki 2. Pishi 2 na vibaba 2. Kwenye namba za kawaida ukivunja kumi moja unapata 10, kwenye pishi 4, kwenye saa 60. Kwa hiyo muulizeni mtoto: "Hicho ulichoazima ukikivunja kinatoa ngapi?" Akijibu hilo, hesabu ya saa, ya kilo na gramu, ya mita na sentimita, zote zimefunguka.

Sehemu sitazikalia sana, lakini moja lazima niiseme. Nusu ujumlishe theluthi. Kila mwaka nakutana na mtoto anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mpeni boflo. Mwambieni: ulikuwa na nusu ya boflo, nimekuongezea theluthi ya boflo. Una zaidi ya nusu au chini ya nusu? Atasema zaidi. Basi 2/5 ni chini ya nusu, kwa sababu nusu ya 5 ni mbili na nusu. Umeongezewa mkate ukapungukiwa? Hapo mwenyewe atajua pana jambo. Kisha mkatieni boflo vipande 6 vilivyo sawa, kwa sababu 6 inagawika kwa 2 na kwa 3. Nusu ni vipande 3, theluthi ni vipande 2, jumla vipande 5 katika 6. Kipande cha nusu na kipande cha theluthi havihesabiwi pamoja mpaka viwe vya ukubwa mmoja. Huyo ndiye kigawe kidogo cha shirika mnayemsikia darasani.

Haya, sasa x.

Watu wanaiogopa x kama kitu cha kigeni. Niwaambieni ilikotoka. Yapata mwaka 820, Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu ambacho ndani ya jina lake mna maneno mawili, al-jabr na al-muqabala. Kutokana na al-jabr dunia nzima ikapata neno aljebra. Hakutumia x wala alama yoyote. Aliandika yote kwa maneno. Kile kisichojulikana mara nyingi alikiita shay', yaani kitu. Neno hilo hilo mnalisikia katika kisomo kila siku. Herufi x tumeizoea kutokana na Mfaransa René Descartes, mwaka 1637. Na ile mistari miwili inayolala, alama ya "ni sawa na", ililetwa mwaka 1557 na Robert Recorde wa Wales, aliyesema amechagua mistari miwili iliyo sambamba kwa sababu hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo.

Kwa hiyo mtoto akikuambia "tafuta x", anakuambia: kuna kitu, sijui ni ngapi, lakini nina habari zake. Na alama ya "ni sawa na" haina maana ya "jibu linafuata". Ni mizani. Upande huu uzito wake ni sawa na upande ule. Ndiyo maana kwa Kiswahili tunaita mlinganyo.

3x + 5 = 20

Chukueni mizani ya sahani mbili. Sahani ya kushoto ina vifuko vitatu vya karafuu, vyote sawa, na jiwe la kilo 5. Ya kulia ina mawe ya kilo 20. Mizani imetulia. Kifuko kimoja kina kilo ngapi? Mtu yeyote wa sokoni ataondoa lile jiwe la kilo 5 kushoto. Lakini akiondoa kushoto tu mizani italala kulia. Kwa hiyo anaondoa kilo 5 huku na huku.

3x + 5 − 5 = 20 − 5
3x = 15

Vifuko vitatu vina kilo 15. Kimoja? Tunagawa kwa 3 pande zote mbili.

x = 5

Na bado hatujamaliza. Rudisheni 5 kwenye suali: 3 × 5 ni 15, jumlisha 5 ni 20. Mizani imetulia. Sasa tumemaliza, na hakuna haja ya kusubiri mwalimu aje na kalamu nyekundu kukwambia umepata.

Wanangu, hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimesahihisha madaftari miaka mingi na kosa hili linaniuma. Watoto wanafundishwa njia ya mkato: "namba ikivuka inabadilisha alama." Kwa hiyo 3x + 5 = 20; 5 inavuka, inakuwa toa 5; 3x = 15. Mpaka hapo jibu ni sawa. Kisha anatizama 3x = 15, anakumbuka kanuni, anaivusha 3, anabadilisha alama, anaandika x = 15 − 3, x = 12. Ametumia kanuni aliyopewa, kwa uaminifu, na kanuni imemtupa shimoni.

Hakuna kitu kinachovuka. Ile alama ya "ni sawa na" si mto wala si daraja. Ile 5 haikwenda upande wa pili. Tuliiondoa, na upande wa pili tukaondoa 5 nyengine ili mizani isilale. Na ile 3 haikujumlishwa na x. Imeizidisha. Vifuko vitatu si kifuko kimoja na kilo 3. Kilichofanywa kwa kuzidisha kinafunguliwa kwa kugawanya, kama fundo: unalifungua kwa kurudi njia lilikofungiwa. Nawaomba walimu wenzangu mliopo hapa, njia ya mkato ya kuvusha muiache mpaka mtoto awe ameandika zile hatua ndefu mara nyingi na amechoka nazo mwenyewe. Akiifupisha yeye, atajua alichokifupisha.

Sasa lenye mabano na alama ya kutoa. Hili ndilo gumu la leo.

5 − 2(x − 3) = 1

Wa kwanza kukosea ni yule anayefanya 5 toa 2 ni 3, akaandika 3(x − 3). MAGAZIJUTO ameisahau: ile 2 inazidisha mabano, na kuzidisha kunatangulia kutoa. Wa pili ni yule anayeandika 5 − 2x − 6. Huyu amefanya kazi kubwa, amebakisha kidogo. Nitamweleza kwa Kiswahili cha saa. Tunasema saa mbili kasoro robo. Basi x − 3 ni "x kasoro 3". Nimeambiwa nitoe x kasoro 3. Nikitoa x nzima, nimetoa nyingi mno, zimezidi 3 ambazo sikutakiwa kuzitoa. Lazima nizirudishe. Na kwa kuwa natoa mara mbili, narudisha 3 mara mbili, yaani 6. Ndiyo maana toa kwa toa inaleta jumlisha. Haikuanguka kutoka mbinguni.

5 − 2x + 6 = 1
11 − 2x = 1

Hapa tumuite al-Khwarizmi. Upande wa kushoto una 11 zilizopungukiwa, zimetolewa 2x. Yeye angefanya al-jabr: kuunga kilichovunjika, kurudisha kilichopungua, neno hilo kwa Kiarabu hutumika hata kwa kuunga mfupa. Turudishe 2x kushoto, na kwa uadilifu wa mizani tuongeze 2x kulia.

11 = 1 + 2x

Kisha al-muqabala, kukabilisha. Nasi tuna kukabili, tuna mkabala, ni mzizi huo huo. Kuna 11 huku na 1 kule, zinakabiliana. Ondoa 1 pande zote.

10 = 2x
5 = x

Rudisha kwenye suali: 5 toa 3 ni 2, mara 2 ni 4, 5 toa 4 ni 1. Sawasawa. Sasa mchukue yule aliyeandika toa 6. Yeye alipata x = −1. Akiirudisha: −1 toa 3 ni −4, mara 2 ni −8, 5 toa −8 ni 13. Mizani inasema 1 kwa 13. Angehakiki, angejua kabla ya kulala, na angerudi kutafuta fundo lililolegea.

Masuali ya maneno ndiyo yanayowaliza wengi. Tuseme ndugu wawili wamechuma pishi 22 kwa jumla. Mkubwa amemzidi mdogo kwa pishi 4. Kila mmoja amechuma ngapi? Mtoto mwenye haraka anagawa 22 kwa 2, anapata 11, anamuongezea mkubwa 4. Mdogo 11, mkubwa 15. Jumlisha: 26. Pishi 4 zimetoka wapi? Hakuna aliyezichuma.

Fundo la kwanza la suali la maneno si hesabu, ni sentensi. Andika: "x ni pishi alizochuma mdogo." Kwa maneno, kamili. Sikubali mtoto aandike "x = mdogo", kwa sababu mdogo ni mtu, hana thamani ya namba. Fundo la pili: mkubwa ana x + 4. La tatu: wote pamoja ni 22.

x + x + 4 = 22
2x + 4 = 22
2x = 18
x = 9

Mdogo 9, mkubwa 13. Jumla 22, tofauti 4. Na jibu la mwisho linaandikwa kwa sentensi vilevile, kwa sababu suali liliuliza habari za watu wawili na x imejibu habari za mmoja tu.

Juu ya hili pana jambo la lugha. Sekondari masomo ni kwa Kiingereza, na watoto wengi wanashindwa na sentensi kabla hawajashindwa na hesabu. Shauri langu ni kwamba mtoto alisimulie suali kwa Kiswahili kwanza, kwa mdomo, kama anavyosimulia habari ya mtaani: nani, ana nini, kimetokea nini, wanataka kujua nini. Mzazi msikilize. Hata kwa Kiswahili mpango wa maneno unaweza kupoteza. "Toa 7 katika namba fulani, unabakiwa na 15." Mtoto kasikia 7 kwanza, anaandika 7 − x = 15. Lakini kinachotolewa ni 7, na ile namba ndiyo inayopunguzwa: x − 7 = 15, x ni 22. Kama hujui kitangulie kipi, weka namba ndogo unayoijua: toa 7 katika 10. Kila mtu anajua hiyo ni 10 toa 7. Basi fuata mpango huo huo.

Kuhusu simu. Najua zipo programu, mtoto anapiga picha suali na hatua zote zinatoka, zimenyooka kuliko zangu za ubaoni. Siwaambii muzipige marufuku. Lakini mtoto aliyenakili hatua kutoka kwenye simu ana ukindu wa mtu mwengine kiunoni. Mwambie afunike simu, akusomee daftari, na kila mstari umuulize, "Hapa umefanya nini, na kwa nini pande zote mbili?" Akiweza kujibu, simu imemfundisha. Akikwama mstari wa pili, arudi mstari wa pili, sio mwanzo wa mada nzima. Na mzazi, ukiona amekwama, usiende kwenye ukali. Mtoto anayeogopa kupigwa kelele huficha hatua zake na kukuonyesha jibu tu, nawe unabaki huna pa kumshika mkono.

Jua linashuka, kwa hiyo nimalizie na hesabu moja ya kwetu. Sehemu kubwa ya kitabu kile cha al-Khwarizmi ni ya wasia na mirathi, na lugha yetu imeyahifadhi majina: nusu, theluthi, robo, sudusi, thumuni. Tuseme mtu amefariki, madeni yamelipwa, hakuna wasia, wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na shamba la mikarafuu 32, tuichukulie yote ni sawa. Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni: 32 gawanya kwa 8, mikarafuu 4. Inabaki 28. Mtoto wa kiume hupata sehemu mbili za wa kike. Andika: x ni mikarafuu ya mtoto mmoja wa kike. Wa kiume ana 2x.

2x + x + x = 28
4x = 28
x = 7

Kila wa kike 7, wa kiume 14, mke 4. Jumlisheni: 7 na 7 na 14 na 4 ni 32.

Sasa yenu ya leo usiku, ya wanafunzi na wazazi pamoja. Shamba ni lile lile, mikarafuu 32, mke yupo, lakini watoto ni wawili wa kiume na watatu wa kike. Mwanafunzi aandike, mzazi aulize kila mstari. Mwalimu Mkuu ameniruhusu nirudi Jumamosi asubuhi inshaallah. Njooni na madaftari, na nitaanza kwa kusoma mstari wenu wa kwanza.